Mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia: misuli yake nayo inahitaji mazoezi

Wazazi wenye mtoto chumba cha uangalizi maalumu hutuuliza: homa imeshuka, picha ya kifua ni safi, mbona bado hamjamtoa kwenye mashine? Mara nyingi mapafu yamepona kweli. Kilichobaki nyuma ni misuli.

Kazi kubwa ya kuvuta hewa hufanywa na diaframu, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukikaza hushuka, kifua kikapanuka, hewa ikaingia. Ni msuli usiozoea likizo, kwa hiyo mashine ikiubebea kazi yote hunyong'onyea upesi. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza diaframu za watu 14 waliothibitika kufa ubongo, waliokuwa wamepumuliwa na mashine kwa saa 18 hadi 69. Nyuzi za msuli huo zilikuwa zimesinyaa kwa zaidi ya nusu, zikilinganishwa na za watu waliokaa kwenye mashine saa chache tu za upasuaji. Kwa watoto, kipimo cha altrasaundi kimeonyesha diaframu ikipungua unene ndani ya siku chache, hasa pale dawa za kulegeza misuli zinapotumika.

Mtoto mchanga ana mzigo wa ziada. Mbavu zake ni laini na zimelala karibu usawa, hivyo anapovuta kwa nguvu kifua hubonyea ndani badala ya kupanuka. Nyuzi zinazostahimili kazi ndefu bila kuchoka ni takribani robo tu ya diaframu yake anapozaliwa, ilhali kwa mtu mzima hufikia karibu nusu. Ndiyo maana sikubaliani na kuchukua mpango wa mazoezi ya kupumua wa mtu mzima na kuupunguza vipimo tu.

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Dawa za usingizi hupunguzwa kadiri hali inavyoruhusu, na mashine hurekebishwa ili mtoto aanzishe pumzi mwenyewe, yenyewe ikimsaidia kuimalizia. Mwenye tundu la kupumulia shingoni anaweza kuachishwa mashine kwa dakika chache, kisha akarudishwa apumzike. Muda huo huongezwa siku hadi siku.

Mazoezi yenyewe huja baada ya hapo, kwa mtoto aliyetulia lakini anayeshindwa kuachana na mashine. Kwanza tunapima nguvu ya juu kabisa anayoweza kuvuta, kisha tunaanza na sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Kifaa ni valvu ndogo yenye springi, inayounganishwa kwenye mrija wa hewa. Valvu haifunguki mpaka avute kwa nguvu iliyopangwa. Mtoto anayeelewa maelekezo hukalishwa, mashine ikatolewa kwa muda mfupi, akaambiwa, "Vuta kwa nguvu!" Utaona shingo inakaza, tumbo linainuka, na valvu ikifunguka hewa inasikika ikiingia. Pumzi chache tu, kisha anarudi kwenye mashine apumzike kabla ya mzunguko unaofuata. Kwa mtoto mchanga asiyeweza kuelekezwa, mtaalamu aliyefunzwa huziba njia ya hewa kwa pumzi chache ili avute dhidi ya kizuizi. Hili lisijaribiwe na mtu mwingine yeyote.

Mapumziko hayo ni sehemu ya tiba. Msuli hujengwa kwa juhudi fupi nzito ikifuatiwa na kupumzika vya kutosha. Kumwacha mtoto ahangaike saa nzima humchosha bila kumwongezea nguvu. Jicho letu liko kwake muda wote: pua zikitanuka, mbavu zikiingia ndani, jasho likimtoka, mapigo ya moyo yakipanda au oksijeni ikishuka, tunasimama papo hapo. Hatuanzi kabisa kama shinikizo la damu halijatulia, kama kuna hewa iliyovuja kifuani, au kama shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa misuli huhitaji mpango wake mwenyewe, kwa sababu misuli hiyo inaweza kuumizwa na kazi nzito.

Je, inasaidia? Kwa watu wazima upo ushahidi mzuri: utafiti wa Florida uliochapishwa mwaka 2011, wenye wagonjwa 69 walioshindwa kuachishwa mashine, ulionyesha kuwa asilimia 71 ya waliofanya mazoezi walifanikiwa kuachana nayo, dhidi ya asilimia 47 ya waliopewa mazoezi hafifu ya kulinganishia. Kwa watoto, taarifa nyingi ni za mgonjwa mmoja mmoja au vikundi vidogo. Kwa hiyo ninayapendekeza kwa mtoto aliyechaguliwa kwa makini, kamwe si kwa kila aliye kwenye mashine.

Mzazi ana nafasi kubwa hapa. Mtoto huvuta kwa bidii zaidi akisikia sauti anayoijua, na ninyi ndio mnaotambua mapema kwamba leo hayuko sawa. Tuambieni kama hakulala usiku ili zoezi liahirishwe, na ulizeni kuhusu lishe yake, maana msuli haujengeki kwa mtoto mwenye njaa. Mrija ukishatolewa, udhaifu hauishi siku hiyohiyo: akitoka jasho wakati wa kunyonya, akikohoa bila nguvu au akipumua harakaharaka usiku, mwiteni muuguzi mara moja.