Kwa barabara hadi Sibiloi: mambo ya kujua kabla ya kuondoka

Tangu lami ifike Moyale, safari ya kaskazini mwa Kenya imekuwa rahisi kiasi cha kudanganya. Kutoka Isiolo hadi Marsabit gari dogo linapita bila taabu, na msafiri hufika akiamini kwamba na mbele ni hivyo hivyo. Sivyo. Ukiiacha barabara kuu na kuelekea magharibi kupitia Maikona, Kalacha na North Horr hadi Alia Bay, yaliko makao ya Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Turkana, unaingia nchi ya mawe meusi ya volkano, mchanga na laga, yaani mikondo ya mito ya msimu. Huko, mara nyingi barabara ni alama tu za magari yaliyotangulia.

Marsabit usiipite mbio. Ni mlima wenye msitu wa ukungu katikati ya jangwa, na ndani ya kasoko (shimo la volkano) yake mojawapo, Gof Sokorte Guda, kuna Ziwa Paradise. Hapa ndipo alipoishi tembo Ahmed, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi wa pekee kwa amri ya mwaka 1970, na askari wakamlinda hadi alipokufa 1974. Hapa pia ndipo pa kujaza matangi yote. Mbele ya Marsabit mafuta huuzwa kwa mitungi, tena siku yakiwepo, na ukiyanunua yachuje kwa kitambaa kabla ya kuyamimina.

Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, tena msafara uwe wa magari mawili au zaidi. Beba tairi mbili za akiba. Mawe ya huko hukata tairi ubavuni, na tundu la ubavuni halizibiki. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa mtu kwa siku, na ya akiba yawe kwenye chombo kingine, kwa sababu mtungi mmoja ukipasuka njiani umekwisha. Simu haishiki sehemu kubwa ya njia. Kabla ya kuondoka kila mji, pita kituo cha polisi uulize hali ya usalama ya siku ile, na ukiambiwa subiri, subiri.

Jangwa la Chalbi, lililo kwenye njia hii kati ya Maikona na North Horr, linahitaji maneno zaidi. Hili lilikuwa ziwa zamani, na kitanda chake kimebaki kikiwa tambarare, na ganda la chumvi juu. Kiangazi ganda hilo hubeba hata lori. Mvua ikinyesha, chini yake huwa tope la kunasa, na juu panaweza kukauka wiki nzima kabla ya chini. Tazama rangi: penye weupe na nyufa pamekauka, penye weusi au mng'ao pana maji chini. Usifuate njia ya mkato hata ukiiona fupi. Na laga nazo zina tabia yake: mvua hunyesha mbali, kwenye Mlima Kulal kwa mfano, na maji yakakufikia chini ya anga lisilo na wingu. Ukikuta yanapita, zima gari ungoje. Kupiga hema ndani ya laga, hata mchanga ukiwa mlaini namna gani, ni jambo la kukataa kabisa.

Sasa Sibiloi yenyewe. Wengi hufika wakitarajia wanyama, na wapo, lakini utajiri wa hapa uko ardhini: visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Richard Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu, alianza utafiti Koobi Fora, ndani ya eneo hili, mwaka 1968, na hifadhi ikatangazwa 1973 ili kulinda kilichokuwa kikionekana. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, wa kundi la Leakey, aliona vipande vya mfupa kwenye korongo. Vilipokusanywa na kuunganishwa, zaidi ya 150, likatokea fuvu la binadamu wa kale linalojulikana kwa namba 1470.

Umri wa fuvu hilo ulileta ubishi wa miaka. Tabaka la majivu ya volkano lililo juu ya mahali lilipokutwa lilipimwa kwanza likaonekana kuwa na miaka milioni 2.6 hivi. Lakini visukuku vya nguruwe vilivyotoka chini ya majivu hayo vilifanana na vya bonde la Omo, Ethiopia, ambavyo vilijulikana kuwa na umri mdogo zaidi. Vipimo vikarudiwa, na majivu yakakubalika kuwa na miaka takriban milioni 1.9. Nguruwe ndio waliorekebisha historia ya binadamu, na waliweza kwa sababu kila jino lilikuwa na kumbukumbu ya tabaka lilikotoka.

Ndiyo maana ninawasihi wageni: msiokote. Ukitembea na mwongozo utaviona vipande vingi, laini kwa nje na vyenye vijitundu kama vya sifongo palipovunjika. Kikiinuliwa bila kumbukumbu, kipande kinabaki jiwe zuri lisilo na umri. Ukiona kitu, kipige picha kikiwa pale pale, kando yake weka kalamu ili ukubwa ujulikane, chukua majira ya mahali (GPS) kwa simu, kisha mwambie askari wa hifadhi au Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kuondoka nacho ni kosa kwa sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Gari nalo lisitoke njiani, maana tairi moja huponda kile ambacho mmomonyoko umechukua karne kukifunua.

Hifadhi hii, pamoja na Kisiwa cha Kati kilichomo ziwani, imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 1997, na Kisiwa cha Kusini kiliongezwa 2001. Mwaka 2018 iliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III kwenye Mto Omo, unaoleta sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Turkana.

Kurudi, wengi hushika njia ya Loiyangalani. Makumbusho ya jangwa yako pale juu ya ziwa, na vijiji vya Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi, viko karibu. Omba ruhusa kwa wazee kabla ya kutoa kamera, na mkubaliane malipo mapema. Ukishuka hadi Maralal, ingia nyumba alimozuiliwa Kenyatta mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa Agosti.

Lodwar alikozuiliwa kabla ya hapo, na Nariokotome, ambako Kamoya Kimeu aligundua masalia ya binadamu wa kale aitwaye mvulana wa Turkana mwaka 1984, viko ng'ambo ya pili ya ziwa. Gari halivuki huko. Upande ule hufikiwa kwa barabara ya Kitale, na ni vyema kuupangia safari yake.