Kitunda Kilichotolewa Kafara: mambo ambayo filamu ya Bobby Fischer imetuaminisha

Filamu ya Pawn Sacrifice (yaani kutoa kitunda kafara; kitunda ni ile kete ndogo kuliko zote kwenye sataranji) ilioneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwezi Septemba 2014, ikaingia kumbi za Marekani mwaka uliofuata. Mwongozaji ni Edward Zwick. Tobey Maguire anaigiza Bobby Fischer, bingwa wa sataranji kutoka Marekani, na Liev Schreiber anamwigiza Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti. Naipenda filamu hii na nimeirudia mara kadhaa. Lakini kila nikikaa na mtu aliyeitazama, mazungumzo yakifika kwenye pambano la mwaka 1972 mjini Reykjavik, Iceland, Fischer alipomkabili Spassky, bingwa wa dunia wakati huo, kuwania taji lake, nasikia yaleyale. Mengine yametoka kwenye filamu yenyewe, mengine mtazamaji amejijazia. Nayaandika kwa sababu upo upande wa habari hii unaoumizwa nayo, na watu wachache wanaujali.

“Mchezo wa sita ndio uliomaliza kazi”

Dhana hii imeenea kuliko zote, na chanzo chake ni filamu. Kilele chake ni mchezo wa sita: Fischer anashinda, Spassky anampigia makofi, na baada ya hapo hatuoneshwi tena mapambano ubaoni. Mtazamaji anaondoka akiamini taji lilibadilika mikono jioni ile.

Makofi yalikuwa ya kweli. Siku ilikuwa 23 Julai 1972, ukumbi wa Laugardalshöll. Karibu maisha yake yote Fischer alikuwa akifungua kwa kitunda kilicho mbele ya mfalme, na wapinzani walijiandaa kwa hilo. Siku ile akasogeza kitunda cha upande wa malkia, mchezo ukageuka kuwa ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia, na Spassky akajikuta ndani ya ulinzi wa Tartakower, mpango wa kujilinda aliouamini kwa miaka. Akafungwa hatua kwa hatua, bila vurugu, mpaka akakosa pa kutokea. Mchezo ulipokwisha alijiunga na watazamaji kupiga makofi.

Lakini hesabu baada ya mchezo huo ilikuwa Fischer 3.5, Spassky 2.5 (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu). Tofauti ya pointi moja! Pambano lilipangiwa michezo isiyozidi 24, na Fischer alihitaji 12.5 ili atwae taji, wakati bingwa, Spassky, alitosheka na 12 tu kulibakiza. Ilibaki kazi ya zaidi ya mwezi, michezo 15 mingine. Katika mchezo wa 11 Spassky alimnasa malkia wa Fischer na kushinda vizuri kabisa. Kuanzia wa 14 hadi wa 20 zilikuwa sare saba mfululizo, na mtu asidhani sare hizo zilikuwa za kupumzikia.

Kama ningepewa mimi kuchagua mchezo mmoja wa kuwaonesha watu, ningechagua wa 13, si wa sita. Fischer, akiwa na kete nyeusi, aliacha ngome yake, moja ya kete kubwa, ifungiwe kwenye kona ya ubao, haiwezi kusogea, kisha akavipeleka mbele vitunda vyake mpaka Spassky, aliyekuwa na ngome iliyo huru, akashindwa kuvizuia vyote. Filamu yenye neno kitunda katika jina lake imeuruka mchezo ambao vitunda vilishinda.

Mwisho wenyewe haukuwa na makofi wala taa. Mchezo wa 21 uliahirishwa jioni ya 31 Agosti, Spassky akaandika hatua yake na kuifunga kwenye bahasha kama ilivyokuwa desturi. Kesho yake alipiga simu kusema amesalimu amri. Matokeo yakawa 12.5 kwa 8.5.

“Spassky alikuwa mashine ya Kremlin”

Hapa ndipo ninapoumia. Miwani meusi, walinzi waliomzunguka, uso usiocheka: filamu inamtengeneza kuwa jitu la chuma ili Fischer aonekane mnyonge mbele yake. Hata maumbo ya waigizaji yanasaidia, maana Schreiber ni mrefu mno kuliko Maguire. Fischer halisi alikuwa mrefu wa zaidi ya mita 1.8, mabega mapana, mtu aliyependa kuogelea na kucheza tenisi.

Spassky alizaliwa Leningrad tarehe 30 Januari 1937. Vita vilipofika, alihamishwa akiwa mtoto mdogo kuepushwa na mzingiro ulioua mamia ya maelfu ya watu wa mji huo kwa njaa. Alikuwa bingwa wa dunia tangu 1969, lakini hakuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na wakubwa wa michezo mjini Moscow walimwona kama mtu mgumu kuongozwa.

Ugumu huo ndio ulioipa dunia pambano la 1972. Fikiria hali ilivyokuwa. Sherehe za ufunguzi zilifanyika 1 Julai, Fischer hayupo. Max Euwe, rais wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, akaongeza muda. Fischer akatua 4 Julai. Mchezo wa kwanza ukaanza tarehe 11, akapoteza. Wa pili hakutokea kabisa kwa sababu ya kamera za ukumbini, akahesabiwa ameshindwa. Ni 2–0. Kabla ya Reykjavik walikuwa wamekutana mara tano: Spassky alishinda tatu, sare mbili. Fischer hakuwahi kumfunga hata mara moja. Spassky angepanda ndege na taji lake, hakuna kanuni ambayo ingemlaumu, na serikali yake ilitaka afanye hivyo.

Alikataa. Akakubali pia ombi la Fischer kwamba mchezo wa tatu uchezwe kwenye chumba cha nyuma, cha tenisi ya mezani, mbali na watazamaji. Humo ndani Fischer alimfunga kwa mara ya kwanza maishani, na upepo wa pambano ukageuka. Filamu inalionesha jambo hili, ila inalipita haraka, kana kwamba ni kiburi cha bingwa. Mimi naliona kuwa tendo kubwa kuliko yote yaliyofanyika Iceland mwaka ule.

Tena alijua gharama yake. Mwaka mmoja tu nyuma, Mark Taimanov, mchezaji mwenzake wa Kisovieti, alikuwa amefungwa na Fischer 6–0. Aliporudi nyumbani, forodhani wakakuta kitabu cha Solzhenitsyn, mwandishi aliyechukiwa na serikali, kwenye mizigo yake, na adhabu ikafuata: posho ikakatwa, safari za nje zikazuiwa. Kosa halisi, kila mtu alilijua, lilikuwa yale mabao sita.

Wako wanaosema baada ya Reykjavik Spassky aliisha. Mwaka uliofuata, 1973, alitwaa ubingwa wa Umoja wa Kisovieti, mashindano yaliyojaa miamba akiwemo bingwa wa zamani Petrosian na kijana Karpov. Baadaye alihamia Ufaransa na kuwa raia wa huko.

“Wazimu ndio uliompa kipaji”

Filamu haisemi hivi waziwazi, lakini inavyopanga picha, hofu ikipanda na ubao ukiwaka kichwani mwake, mtu ataunganisha mwenyewe. Na huku kwetu tuna mazoea ya kusema mtoto mwenye akili sana “atapoteza akili”. Naomba tuachane nalo.

Kwanza, wengi walioandika kuhusu ugonjwa wa Fischer waliandika bila kumpima, na baadhi yao baada ya kifo chake. Kwamba aliteseka, hilo halina ubishi. Kuyapa mateso yake jina la hospitali ukiwa umekaa kwenye kiti cha sinema ni jambo jingine.

Pili, tunaweza kufuata njia ya kipaji chake hatua kwa hatua, na njia hiyo imejaa kazi. Alikuwa na miaka sita dada yake Joan alipoleta nyumbani seti ya sataranji kutoka dukani, wakajifunza kwa kusoma maelekezo yaliyokuja nayo. Alijifundisha Kirusi cha kutosha kusoma majarida ya sataranji ya Wasovieti, ambayo Wamarekani wengi hawakuyagusa. Akiwa na miaka 14 alikuwa bingwa wa Marekani. Akiwa na 15, grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji. Msimu wa 1963/64 alishinda ubingwa wa nchi yake kwa michezo 11 kati ya 11. Huyu ni kijana aliyekaa na vitabu na ubao saa nyingi kuliko wenzake. Hofu zake hazikumsaidia popote. Zilimnyima mashindano, zilimfukuzia marafiki, na mwishowe zilimnyima mchezo wenyewe.

Tatu, na hili ndilo ninalotamani filamu ingelikalia zaidi: si kila alichokihofia kilikuwa ndoto. Mama yake, Regina, aliwahi kusomea udaktari Moscow miaka ya 1930, na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walimfuatilia kwa miaka mingi. Mafaili yao yalikuja kujulikana mwaka 2002 kupitia gazeti la Philadelphia Inquirer. Mtoto aliyekua katika nyumba inayochunguzwa na serikali hakuzusha kutoka hewani wazo la kwamba kuna watu wanasikiliza.

Vivyo hivyo kuhusu Wasovieti kupanga matokeo. Kisiwani Curaçao, mwaka 1962, kwenye mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa, Wasovieti Petrosian, Keres na Geller walicheza wao kwa wao michezo 12, na yote 12 ikawa sare. Fischer aliandika katika Sports Illustrated kwamba wameshirikiana, watu wengi wakamwona mtu anayejitetea kwa kushindwa. Lakini baadaye FIDE iliachana na mashindano ya mfumo ule, ikaweka mapambano ya ana kwa ana ili kumpata mpinzani wa bingwa. Ni mfumo huo uliompandisha Fischer mwaka 1971: 6–0 kwa Taimanov, 6–0 kwa Bent Larsen wa Denmark, 6.5–2.5 kwa Petrosian. Ugumu wa mtu kama huyu ni kwamba hofu ya haki na hofu isiyo na msingi zilikaa kichwa kimoja, na yeye mwenyewe hakuweza kuzitenganisha.

“Vituko vile vimeongezwa na Hollywood”

Safari hii, hapana. Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Rais Nixon, alimpigia simu Fischer kumsihi aende. Jim Slater, tajiri wa Uingereza, aliongeza pauni 50,000 kwenye zawadi na kuifanya iwe maradufu. Nao mwezi Agosti ni Wasovieti, kupitia Efim Geller, msaidizi wa Spassky, waliolalamika kwamba huenda Spassky anadhuriwa kwa vifaa vya elektroniki au kemikali. Viti vikapigwa eksirei, taa za ukumbi zikafunguliwa. Walichokipata kwenye taa ni nzi wawili waliokufa.

Sawa na hivyo, kasisi anayemsaidia Fischer katika filamu si mhusika wa kubuni. William Lombardy alikuwa padri Mkatoliki wa kweli na grandmasta wa kweli, bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1957 kwa ushindi wa michezo yote 11. Na anayedhani Fischer alizaliwa Brooklyn, New York, ajue kwamba alikulia huko, lakini alizaliwa Chicago, 9 Machi 1943.

“Jina la filamu ni hatua fulani ya mchezo”

Kutoa kitunda kafara ni mbinu ya kawaida: unaacha kikamatwe ili upate nafasi au kasi. Hakuna hatua moja ya Reykjavik inayobeba jina hili. Waandaaji walimaanisha watu, na wengi husikia Fischer peke yake, kijana aliyesukumwa mbele na taifa lake kuvunja miaka 24 ya Wasovieti kulishika taji, tangu 1948. Mimi nasikia wote wawili, Fischer na Spassky.

“Karpov alimfunga akamnyang’anya taji”

Hawakuwahi kucheza. Fischer alidai pambano la 1975 lichezwe mpaka mmoja ashinde mara kumi, na ikiwa 9–9 bingwa abaki na taji. FIDE ilikubali ushindi kumi, ikakataa hilo la pili. Fischer akanyamaza, na mwezi Aprili 1975 Karpov akatangazwa bingwa.

Kilichofuata filamu inakisimulia kwa dakika chache za mwisho. Mwaka 1992 Fischer alirudiana na Spassky Yugoslavia, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo, akatema mate mbele ya waandishi kwenye barua ya Wizara ya Fedha ya Marekani iliyomkataza. Alishinda mara 10, Spassky mara 5. Tangu hapo hakurudi kwao. Matamshi yake dhidi ya Wayahudi, yeye ambaye mama yake alikuwa Myahudi, na furaha yake redioni baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, siwezi kuyafunika kwa neno ugonjwa. Yaliwaumiza watu, na wagonjwa wengi wa akili hawamchukii mtu yeyote.

Julai 2004 alikamatwa uwanja wa ndege wa Narita, Japani. Bunge la Iceland lilimpa uraia mwezi Machi 2005, akaishi Reykjavik mpaka kifo chake tarehe 17 Januari 2008, akiwa na miaka 64, idadi ya miraba ya ubao.

Alipokuwa kizuizini Japani, wengi waliokuwa wakijivunia jina lake mwaka 1972 walikaa kimya. Spassky alimwandikia Rais George W. Bush barua ya wazi. Hakutetea maneno ya Fischer. Alisema kwamba mwaka 1992 naye alitenda kosa lilelile, kwa hiyo naye akamatwe, awekwe chumba kimoja na Bobby, na wapewe seti ya sataranji.