Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mtoto Mwenye Usonji Ambaye Bado Hajasema

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015 uliwauliza wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya wanavyouelewa usonji (kwa Kiingereza autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu, na majibu yaliyopatikana yalitaja mapepo, uchawi na laana sambamba na maambukizi, matatizo wakati wa kujifungua, utapiamlo na urithi wa damu. Tiba zilizotajwa nazo zilikuwa za kila aina: waganga wa kienyeji, maombi, na hospitali. Mjadala kuhusu chanzo una uzito wake, lakini kwa maoni yangu dhana zinazomgharimu mtoto zaidi ni zile zinazosikika kama busara, zinazotoka kwa bibi, kwa jirani mwenye nia njema, na mara nyingine kwa mhudumu wa afya mwenyewe. Nyingi zinahusu mawasiliano, na karibu zote humwambia mzazi asubiri.

“Mwacheni, atasema tu, hata baba yake alichelewa”

Ni kweli kwamba watoto hawaanzi kusema kwa umri mmoja, na wapo wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao bila msaada wowote. Ila anayetoa ushauri huu hana namna ya kujua kama mtoto aliye mbele yake ni mmoja wa hao. Kinachostahili kutazamwa mapema ni mawasiliano yanayotangulia maneno: kubwabwaja na kuonyesha vitu kwa kidole kufikia mwaka mmoja hivi, kugeuka anapoitwa jina, kumletea mtu kitu kwa sababu tu anataka wakitazame pamoja. Mtoto asiye na neno hata moja akiwa na miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe akiwa na miaka miwili, au aliyekuwa na maneno akayapoteza katika umri wowote ule, apelekwe kuchunguzwa.

Kipimo cha kwanza kiwe cha masikio. Homa ya uti wa mgongo na umanjano mkali wa siku za mwanzo baada ya kuzaliwa vinaweza kuharibu uwezo wa kusikia, na mtoto anayeshtuka mlango ukibamizwa anaweza bado asizipate sauti nyembamba zinazotofautisha neno na neno, kwa hiyo kumpigia makofi nyuma ya kisogo hakutoshi kuwa kipimo. Nchini Kenya vipo vituo vya tathmini vinavyoshughulikia elimu ya watoto wenye ulemavu, vilivyoanzishwa mwaka 1984. Nchini Tanzania mzazi kwa kawaida huanzia kliniki ya watoto akaomba rufaa. Wala si lazima jina la hali ya mtoto lipatikane kwanza ndipo aanze kusaidiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayoelezwa hapa chini inamfaa mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo na mwenye sindromu ya Down vilevile.

“Ukimzoesha picha na ishara, ulimi utakuwa mvivu”

Hofu hii inaeleweka, maana mzazi anatamani kuitwa “mama” na haoni namna kadi ya karatasi yenye picha itakavyomfikisha huko. Hata hivyo suala hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti zilizochunguza usemi wa watu wenye ulemavu wa ukuaji kabla na baada ya kufundishwa njia mbadala za mawasiliano, na katika kesi 27 ambazo ushahidi wake ulikuwa wa kuaminika zaidi, asilimia 89 waliongeza usemi, waliobaki hawakubadilika, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma. Ongezeko lenyewe kwa wengi lilikuwa la wastani. Kwa hiyo si haki kumwahidi mzazi kwamba kadi zitamfungua mtoto kinywa. Kilichothibitika ni kwamba hazikifungi.

Mfumo wa kubadilishana picha unaotumiwa zaidi duniani, ujulikanao kwa kifupi PECS, ulibuniwa mwaka 1985 katika jimbo la Delaware, Marekani, na Andy Bondy na Lori Frost, na hatua yake ya kwanza inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo wengi huteleza. Hatua hiyo inahitaji watu wazima wawili. Mmoja, tuseme mama, anakaa mbele ya mtoto akiwa na kitu ambacho mtoto anakitaka sana wakati huo, kwa mfano biskuti, huku kadi yenye picha ya biskuti ikiwa juu ya meza. Wa pili, labda dada mkubwa, anakaa nyuma ya mtoto akiwa kimya kabisa. Mtoto anaponyoosha mkono kuifuata biskuti, dada anauongoza mkono huo uchukue kadi na kuiweka kwenye kiganja cha mama, na mama papo hapo anasema “biskuti!” na kumpa. Hakuna anayeuliza “unataka nini?” wala “sema biskuti”, kwa sababu lengo ni mtoto aanzishe mazungumzo mwenyewe badala ya kungoja kuulizwa. Dada hupunguza msaada wake kidogo kidogo hadi mtoto aichukue kadi bila kuguswa, na baadaye kadi husogezwa mbali, naye mama huhamia upande wa pili wa chumba, ili mtoto ajifunze kumfuata mtu anayetaka kumwambia jambo.

Si lazima kununua chochote. Ganda la pakiti ya biskuti likikatwa na kubandikwa kwenye kipande cha boksi, kisha likafunikwa selotepu pana ili lisiharibiwe na mate na mchuzi, ni kadi kamili, na kwa mtoto ambaye bado hatambui picha, kitu chenyewe hutosha: kikombe kitupu kinaweza kumaanisha “nina kiu”. Huko Kilifi, mradi mdogo ulioelezwa katika jarida la kitaalamu mwaka 2014 uliwafundisha walezi wa vijijini, majumbani mwao, kutumia njia za aina hii na watoto wasioweza kujieleza kwa maneno, na walezi hao waliona mabadiliko katika namna watoto wao walivyowasiliana. Nautaja mradi huu kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba mambo haya ni ya wenye kompyuta ndogo za kisasa na shule za ada kubwa. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache mno katika nchi zetu, na wengi wao wamo mijini. Kinachofanyika jikoni kila siku kina nafasi kubwa kuliko nusu saa ya kliniki mara moja kwa mwezi.

“Asiyesema haelewi”

Kupokea lugha na kuitoa ni kazi mbili, na mtoto anaweza kuwa mbele sana katika moja kuliko nyingine. Wapo watoto wenye usonji wanaoelewa kidogo, wapo wanaoelewa mengi, na hakuna wa kuamua hilo kwa kuhesabu maneno yanayotoka mdomoni. Kwa sababu hiyo wageni wasimjadili mtoto mbele yake, wakiuliza “huyu ana nini?” kana kwamba hayupo. Wakati wa kumwambia jambo, sentensi fupi zinazoambatana na kitu kinachoonekana, zikifuatwa na kimya cha kutosha, hufanya kazi vizuri kuliko maelekezo marefu yanayorudiwa kwa sauti inayozidi kupanda. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia. Wengi wetu hatufiki hata tatu.

Upo pia upotofu wa upande wa pili, ambao huuzwa kwa wazazi waliokata tamaa. Ni ile njia ambapo mtu mzima humshika mtoto mkono au kiwiko ili mtoto “aandike” sentensi ndefu kwenye kibao cha herufi. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 1990, ambamo mtoto na mshikaji walionyeshwa picha tofauti bila kujua, yalionyesha kwamba kilichoandikwa ni kile alichokiona mshikaji.

“Anarudiarudia tu kama kasuku”

Mama anauliza, “Unataka chai?” na mtoto anajibu, “Unataka chai.” Familia hucheka au hukemea. Watafiti Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha mwaka 1981 kwamba marudio ya namna hii mara nyingi yana kazi: kukubali, kuomba, kushika zamu katika mazungumzo, hata kujituliza. Huenda mtoto huyu amesema “ndiyo” kwa njia pekee aliyonayo, na jibu linalomsaidia ni mama kumpa chai huku akimtolea sentensi kama vile mtoto mwenyewe angepaswa kuisema: “Nataka chai.”

“Lugha mbili zinamchanganya, mzungumzieni Kiingereza tu”

Ushauri huu hutolewa hata shuleni. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili na wale wanaokua na lugha moja hazikuona kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Hasara ya kuufuata ni ya wazi: bibi anayezungumza Kigiriama huacha kumsemesha mjukuu, na mama anayejikongoja kwa Kiingereza huongea kidogo na kwa ukavu, wakati mtoto anahitaji kusemeshwa zaidi na watu waliochangamka.

Chanjo, ulimi uliofungwa, na lawama kwa mama

Chanjo hazisababishi usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyoeneza wazo hilo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, na uchunguzi wa watoto zaidi ya 650,000 nchini Denmark, uliotolewa mwaka 2019, haukuona uhusiano wowote na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Nadharia kwamba usonji unaletwa na mama asiyempenda mwanawe ilipingwa kwa hoja na mwanasaikolojia Bernard Rimland tangu mwaka 1964, ingawa mawifi wengine bado wanayo. Ngozi fupi chini ya ulimi inaweza kumpa mtoto shida ya kunyonya au ya kutamka baadhi ya sauti, lakini haimzuii kuonyesha kwa kidole wala kugeuka akiitwa, na kukata kimeo hakuhusiani na usemi hata kidogo.

“Keshapita umri”

Kuanza mapema ni bora, lakini hakuna mlango unaofungwa akitimiza miaka mitano. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013 uliowaangalia watoto 535 wenye usonji, ambao walikuwa wamechelewa sana lugha wakiwa na miaka minne, ulikuta kwamba asilimia 70 baadaye walikuja kusema vifungu vya maneno, na asilimia 47 walikuja kuzungumza kwa ufasaha. Wasiofika huko hawaachi kuhitaji njia ya kujieleza. Wanaihitaji zaidi kadiri wanavyokua. Kijana wa miaka 14 anayejipiga taya kwa ngumi huitwa mkorofi na pengine huongezewa dawa ya kumtuliza, wakati jino ndilo linalomuuma. Kwa umri huo kadi za kutangulizwa ni “inauma”, ikiambatana na mchoro wa mwili wa kuonyesha mahali, na “sitaki”, ambayo lazima iheshimiwe inapotolewa, hata kama ni kwa sahani ya maharage iliyopikwa kwa ajili yake.