Initrd siyo Linux nzima iliyobanwa

Watu wengi wakiliona lile faili la initrd.img kwenye /boot, folda ya mafaili ya kuwashia Linux, wanadhani ni Linux yote imebanwa mle, au kitu cha siri ambacho ukikigusa tu mashine imekufa. Hapana jamani. Ni akaivu ya cpio iliyobanwa, yaani mafolda ya kawaida kabisa, keneli (kiini cha Linux) inayafungua kwenye RAM halafu inaendesha programu moja inaitwa init, kazi yake ni kupakia draiva (programu za kuendesha vifaa), kuitafuta diski yako halisi, kuuliza nenosiri kama diski imefungwa, kisha inauachia mfumo wenyewe uendelee na yale mafolda yanafutwa kwenye RAM. Basi.

Sasa mbona linakuwa kubwa hivyo? Debian, moja ya matoleo ya Linux, kwa kawaida inakuja na mpangilio wa MODULES=most, inabeba draiva kibao hata za vifaa ambavyo huna, ili diski ukiihamishia kompyuta nyingine bado iwake, na hiyo ni sababu nzuri tu. Kama huihamishi, weka MODULES=dep kwenye /etc/initramfs-tools/initramfs.conf, endesha update-initramfs -u, kagua kwa lsinitramfs uone orodha ilivyopungua. Ila keneli ya zamani usiifute kwanza, maana draiva ya diski ikikosekana mle mashine haiwaki ng'o, na hiyo ya zamani ndiyo utakayowashia.