Kifungo cha madeni Uingereza hakikuisha 1869

Wengi husema Uingereza iliacha kufunga wadaiwa mwaka 1869, ilipopitishwa Sheria ya Wadaiwa. Si kweli kabisa. Sheria hiyo ilifuta kifungo kwa jumla, lakini kifungu cha 5 kiliacha mlango wazi: hakimu aliyeridhika kwamba mdaiwa alikuwa na uwezo wa kulipa akakaidi, aliweza kumtupa ndani hadi wiki 6.

Waliopitia mlango huo ni akina nani? Kwa sehemu kubwa ni vibarua na wafanyakazi walioshtakiwa kwenye mahakama za kaunti, zilizoundwa kwa sheria ya 1846 kwa ajili ya madeni madogo. Tuseme mke wa kibarua kakopa nguo kwa mchuuzi anayepita nyumba kwa nyumba, za kulipa kidogokidogo kila wiki. Kazi ikikatika, aliyeitwa mahakamani ni mumewe. Na akishatumikia kifungo, deni bado lipo palepale!

Mfanyabiashara mwenye madeni makubwa aliweza kutangazwa muflisi akapumua. Maskini, ambaye deni lake halikufikia kiwango cha kufilisiwa, hakuwa na njia hiyo. Maelfu waliendelea kufungwa, hadi sheria ya 1970 ilipokifuta kifungo hicho kwa madeni ya kawaida.