Mwanamke wa Bango Si Hadithi Yote: Dhana Potofu Kuhusu "Akina Rosie" wa Marekani

Bila shaka umeiona ile picha. Mwanamke amefunga kitambaa chekundu cha madoadoa meupe kichwani, amekunja mkono wa shati la buluu, anatunisha msuli, na juu yake yapo maneno ya kusema kwamba tunaweza. Kila tarehe 8 Machi huzunguka kwenye simu zetu. Watu humwita Rosie, mpiga ribiti wa Vita vya Pili vya Dunia. Naipenda picha hiyo, lakini kadiri ninavyosoma habari za wanawake waliofanya kazi za vita wakati ule, wanaoitwa akina Rosie, ndivyo ninavyoona kwamba imewafunika. Sura imebaki, kazi imesahauliwa.

Basi tuanze na kazi. Ribiti ni kipande kifupi cha metali laini chenye kichwa, kama msumari usio na ncha. Hupitishwa kwenye tundu la mabati mawili yaliyolaliana, kisha mkia wake hubondwa hadi utanuke na kuyabana. Kwenye bawa la ndege, mtu mmoja haitoshi. Mmoja alisimama nje na mashine ya kupigia inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Mwenzake alijibanza ndani, kwenye nafasi finyu isiyo na mwanga, ameshika bonge la chuma na kulikandamiza kwenye mkia wa ribiti huku mwenzake akipiga. Mtetemo wote uliishia mikononi mwake. Kwa kelele zile hawakusikilizana, hivyo waligongeana bati ili kuambiana kama ribiti imekaa au ipigwe tena. Ndege moja ya kivita ya B-24 ya kudondosha mabomu, aina iliyoundwa kwa wingi kwenye kiwanda cha Willow Run, Michigan, ilikuwa na ribiti zaidi ya 300,000.

Dhana: Bango lile ndilo lililowaita wanawake viwandani

Halikumwita mtu. J. Howard Miller alilichora kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, likabandikwa ndani ya viwanda vya kampuni hiyo kwa wiki mbili hivi, Februari 1943, kisha likabanduliwa. Lilielekezwa kwa wafanyakazi ambao tayari walikuwa kazini, ili wazidi kujituma. Jina Rosie halimo popote kwenye bango hilo. Umaarufu wake ulikuja miaka ya 1980, lilipofufuliwa na kuchukuliwa na watetezi wa haki za wanawake.

Rosie ambaye watu wa wakati wa vita walimfahamu alitoka kwenye wimbo wa redioni, na kwenye mchoro wa Norman Rockwell uliopamba jalada la jarida la Saturday Evening Post la tarehe 29 Mei 1943. Huyo ni mwanamke wa miraba minne, mashine ya ribiti mapajani, mkate mkononi, miguu imekanyaga kitabu cha Hitler.

Dhana: Mwanamke wa bango anajulikana

Hapa kuna kisa kinachoniuma. Mwaka 1942 binti wa miaka 20, Naomi Parker, alipigwa picha akiwa ameinamia mashine ya kukerezea vyuma kwenye kituo cha ndege cha jeshi la majini huko Alameda, California, kitambaa cha madoadoa kichwani. Picha ikatoka magazetini. Miaka mingi baadaye mwanamke mwingine aliiona, akaamini kwa moyo safi kwamba ni yeye, na dunia ikamkubalia. Naomi aligundua mwaka 2011, alipohudhuria mkutano wa wanawake waliofanya kazi za vita: picha yake ile pale, na chini yake jina la mtu mwingine. Alikuwa amehifadhi kipande chake cha gazeti cha mwaka 1942, lakini haikusaidia. Ilibidi mtafiti James Kimble aisake nakala ya picha yenye maelezo yake ya awali, jina la Naomi likiwemo, na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Naomi alifariki Januari 2018, akiwa na miaka 96.

Hata hivyo, hakuna uthibitisho kwamba Miller aliitumia picha hiyo alipochora. Kwa hiyo yule wa bango hatumjui, ila Naomi wa mashine ya kukerezea sasa tunamjua, na kwangu huyo ana uzito zaidi.

Dhana: Walikuwa mama wa nyumbani waliotoka jikoni kwa mara ya kwanza

Wapo waliotoka nyumbani moja kwa moja. Lakini kufikia mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani, wanawake wapatao milioni 12 walikuwa tayari wameajiriwa: wafuaji nguo, wahudumu wa migahawa, washonaji, watumishi wa majumbani. Idadi ilipanda hadi zaidi ya milioni 18 wakati wa vita, na wengi waliokwenda kuchomelea meli walikuwa wameacha kazi nyingine yenye mshahara duni. Uzalendo ulikuwepo, na haja ya pesa ilikuwepo vilevile. Sioni kwa nini moja liufute ukweli wa lingine.

Dhana: Walikuwa weupe wote

Mwaka 1940, zaidi ya nusu ya wanawake Weusi waliokuwa na ajira nchini Marekani walitumikia majumba ya watu. Milango ya viwanda haikufunguka kwa hisani. Kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph alitishia kuongoza maandamano makubwa hadi Washington, na Juni 1941 Rais Roosevelt akatia saini amri namba 8802 iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika ajira za viwanda vya ulinzi. Hata baada ya hapo, mara nyingi walipewa usafi, zamu za usiku na kazi nzito zaidi.

Wengine walivaa sare. Kikosi cha 6888, kikosi cha posta cha jeshi la Marekani, kilikuwa na wanawake 855, karibu wote Weusi, chini ya Meja Charity Adams. Walifika Birmingham, Uingereza, Februari 1945 na kukuta maghala ya baridi, madirisha yamezibwa kwa kuhofia mashambulizi ya anga, na mlima wa barua na vifurushi unaokadiriwa kufikia vipande milioni 17. Panya walikuwa wameshajilia keki zilizotumwa na akina mama kwa wanao. Barua nyingine ziliandikwa jina la utani tu, na askari walioitwa Robert Smith walikuwa maelfu. Wanawake hao waliandaa kadi za kumtambulisha kila askari kwa namba yake, wakafanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana. Walipewa miezi sita, wakamaliza kwa mitatu. Mtu akikwambia kupanga barua si kazi ya vita, mwulize kuhusu askari ambaye hajapata neno la nyumbani kwa mwaka mzima.

Dhana: Walilipwa sawa na wanaume

Bodi ya taifa ya masuala ya kazi wakati wa vita iliwaruhusu waajiri kusawazisha mishahara, Novemba 1942. Kuruhusu si kulazimisha. Waajiri wengi waliipa kazi ileile cheo kingine na kulipa pungufu. Sheria ya malipo sawa ilipitishwa mwaka 1963.

Dhana: Hawakuwa hatarini

Viwandani watu walikatwa vidole, waliungua, walikufa. Na kulikuwa na WASP, kundi la marubani wanawake waliolifanyia kazi jeshi, zaidi ya 1,000, waliopeleka ndege mpya kutoka viwandani hadi kambini, na kuvuta shabaha angani ili askari wafanyie mazoezi kwa risasi za kweli. Wanawake 38 walikufa wakiwa katika utumishi huo. Kwa kuwa walihesabiwa kuwa raia, jeshi halikugharamia mazishi. Wenzao walichangishana nauli ya kusafirisha maiti nyumbani, na jeneza halikustahili bendera. Walikuja kutambuliwa kuwa maveterani mwaka 1977.

Dhana: Vita vilipokwisha walirudi nyumbani kwa hiari

Idara ya serikali ya masuala ya wanawake kazini iliwauliza wenyewe, katika miaka ya 1944 na 1945. Watatu kati ya kila wanne walitaka kuendelea na kazi. Lakini oda za silaha zilikatika, sheria ikawapa askari waliorejea haki ya kurudishiwa nafasi zao, na vituo vya kulelea watoto vilivyofadhiliwa na serikali vikakosa fedha mapema mwaka 1946. Mama aliyekuwa akimwacha mtoto huko kabla ya zamu, angemwacha wapi?

Dhana: Taifa liliwaenzi mapema

Hifadhi ya kumbukumbu ya akina Rosie huko Richmond, California, ilianzishwa mwaka 2000. Sheria ya kuwapa Nishani ya Dhahabu ya Bunge ilipitishwa Desemba 2020, na sherehe ikafanyika Aprili 2024. Wengi walikuwa wameshazikwa.

Richmond ndiko zilikoundwa meli 747 wakati wa vita. Na ndiko Betty Reid Soskin, mwanamke Mweusi wa miaka 20 na ushei, alikofanya kazi ya karani katika ofisi ya chama cha wafanyakazi iliyotengwa kwa ajili ya Weusi, akirekebisha anwani kwenye kadi. Alipoalikwa kuchangia mipango ya hifadhi, aliona kwamba hadithi iliyoandaliwa haikuwa yake. Akabaki. Akavaa sare ya mhifadhi akiwa na zaidi ya miaka 80, na wageni waliokuja kumtafuta Rosie wakawa wanamsikia akisema kwamba yeye hakuwahi kujiona kuwa Rosie, kisha anawasimulia habari za ile ofisi. Alistaafu Machi 2022, akiwa na miaka 100.