"Unataka chai?": mtoto mwenye usonji anaporudia maneno yako

Wazazi huniambia mtoto wao mwenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano) "haongei, anarudia tu." Akiulizwa "Unataka chai?" naye anajibu "Unataka chai?" Bibi anaona ni kukosa adabu, jirani anasema ana majini. Mimi, kwa kazi yangu ya tiba ya usemi hapa Kampala, huuliza kwanza: anarudia nini, na wakati gani?

Maana mara nyingi anaomba chai. Maneno hayo ameyasikia kila kikombe kilipoletwa, basi kwake hiyo ndiyo sentensi ya chai, nzima nzima. Bado hajaichambua akajua kwamba "unataka" ni wewe na "nataka" ni mimi. Daktari Leo Kanner, aliyeandika habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, alilieleza jambo hilohilo.

Wengine huokota maneno mbali zaidi. Mtoto anaita "Ntinda, Ntinda, Ntinda!", jina la mtaa wa Kampala, kwa sauti ya kondakta wa teksi (basi dogo) anayeita abiria, sebule imejaa wageni. Amechoka na kelele, anataka kutoka. Ukimnyamazisha umemnyima njia pekee aliyonayo ya kuomba.

Kwa hiyo punguzeni maswali. Shika kikombe, sema kama ambavyo yeye mwenyewe angesema: "Nataka chai." Subiri kidogo, kisha mpe. Usimzuilie chai mpaka aseme. Akilazimishwa atajifunza kuogopa kikombe. Kaka na dada zake wafundishwe vilevile, kwa sababu ndio wanaoshinda naye. Wekeni pia daftari jikoni: alisema nini, aliyasikia wapi, alikuwa anataka nini. Baada ya muda utaona maneno yaliyodhaniwa ya ovyo yana mpango wake, na mwalimu akilisoma ataelewa kwa nini mtoto anaita Ntinda katikati ya hesabu.

Kuna ushauri mmoja unaoniumiza sana. Mama aliyetoka Kongo, Kiswahili nyumbani, Kiganda sokoni, anaambiwa shuleni aache zote mbili aongee Kiingereza tu, eti asimchanganye mtoto. Tafiti zilizofanyika hazionyeshi kwamba lugha mbili humchelewesha mtoto mwenye usonji kuliko mwenzake wa lugha moja. Hasara iko kwingine. Mama anayeokoteza Kiingereza hubaki na amri: njoo, kaa, acha. Mtoto anayejifunza kwa kudaka sentensi nzima anahitaji za kubembelezwa, za kutaniwa, za kusimuliwa mambo ya siku, na mama huyu anazo tele kwa Kiswahili. Mama, zungumza naye lugha yako.

Wataalamu wa tiba ya usemi tungali wachache Uganda. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya fani hii mwaka 2008. Mzazi aliyeko Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, anaweza kukaa muda mrefu bila kuonana na yeyote kati yetu, ila daftari anaweza kulianza leo kwa kalamu na karatasi.

Na kama mtoto hatamki chochote, au haitiki akiitwa, apimwe masikio kwanza. Usonji na uziwi vinaweza kufanana machoni, tena vinaweza kumpata mtoto mmoja kwa pamoja. Mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea, mpelekeni hospitali bila kungoja.